Kidole Gumba cha Mbaabu

Halima binti Musa,

Salamu hizi nakutumia nikijua kuwa zangu huzitaki. Tangu ulipotukuta kule mtoni hujanisemesha neno. Chai unaniwekea, sukari unatia kiasi ninachopenda, kisha unatoka nje kabla sijasema asante. Hasira za mama yako hizo, wala si za kwetu. Sisi watu wa Majengo tukikasirika mtaa mzima unajua. Mama yako alikuwa akinyamaza tu na kuendelea kupika, nami nikawa nakula kwa woga.

Barua hii nimempa Saidi dereva. Nimemwambia asikupe mpaka lori livuke daraja la Thuci, na kwamba nikisikia amekupa kabla ya hapo, asije tena buchani kwangu hata kuomba mfupa wa mbwa wake. Kwa hiyo ikiwa unasoma, umeshaingia upande wa Embu, na kile kibali cha kusafiri kimefanya kazi yake. Sasa naweza kusema.

Habari za sweta, za kutunza sanduku na za kuwaheshimu wakubwa wa hospitali sitaziandika. Shangazi yako amekuambia zote, tena kwa kurudia. Mimi nataka ujue kwa nini ulinikuta nimesimama nyuma ya Mbaabu, mkono wangu juu ya mkono wake, kama mzazi anayemshika mtoto akijifunza kuandika. Na nataka nikufundishe lile nililomfundisha, maana ni aibu yeye alijue na binti yangu asilijue.

Ile rili niliipata zamani, wewe ungali wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa napanda mpaka Kibirichia kununua kondoo, na huko kulikuwa na Kaburu mmoja, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Nilimpa kondoo dume, naye akanipa ufito wake wa kuvulia samaki pamoja na rili: kile kimashine cha chuma kinachokaa juu ya ufito, chenye kigurudumu kilichozungushiwa uzi na kishikio cha kuurudishia. Nilidhani nimemlalia mzungu. Nikashuka nacho Mitunguu, nikaenda moja kwa moja kwenye lile bwawa pana la Mto Mutonga, nikatupa kama nilivyomwona yeye akitupa. Uzi wote ulifumuka pale pale kwenye rili ukawa rundo, na chubwi, ile risasi nzito ya mwisho wa uzi, ikaanguka miguuni pangu. Mama yako alikuwa amekaa juu ya jiwe, wewe mgongoni. Alicheka mpaka ukaamka ukaanza kulia.

Nilikuwa nadhani kazi ni ya mkono. Kazi ni ya kidole gumba. Sikiliza vizuri. Chubwi ikiruka inavuta uzi, na uzi unazungusha kigurudumu. Mwanzoni vyote viwili vina haraka moja. Lakini chubwi inachoka hewani, kigurudumu hakichoki. Kinaendelea kumwaga uzi ambao hakuna anayeuvuta, na huo uzi wa ziada ndio unaojisokota na kuwa kitata. Kidole gumba kipo hapo kukizuia kigurudumu kwa upole, kiende na mwendo wa chubwi.

Unakiweka juu ya uzi, si kwa ncha, bali kwa ubavu wake, pale penye nyama laini. Ukirudisha ufito nyuma, unabana kabisa. Ukiusukuma mbele, ukishapita tu paji la uso, unalegeza. Unalegeza, Halima, huondoi. Mimi nilikuwa naondoa, kama mtu aliyeshika kaa la moto, na nilikula kitata msimu mzima kwa ajili hiyo. Kidole kinabaki kinagusa, kidogo mno, kiasi cha kuhisi uzi ukipita chini yake. Uzi ukianza kuinuka na kukutekenya ngozi, unaongeza uzito kidogo. Na chubwi inapokaribia maji, kabla haijayagusa, unabana. Ukingoja usikie mlio wa maji, umechelewa.

Nilijifunza nyuma ya bucha, jioni baada ya kufunga. Badala ya chubwi nilifunga kifundo cha mguu wa mbuzi, nikawa nakitupia kwenye sufuria kuukuu niliyoiweka kule karibu na migomba. Majirani walisema Musa amerogwa. Siku nyingine nilitupa vizuri mno, siku nyingine kila mtupo ulikuwa kitata, na sikuona sababu. Nililaumu upepo, nikalaumu uzi, nikamlaumu Kaburu. Aliyeniona ni mama yako. Alitoka jikoni, akanitazama nikitukana kile kimashine, akaniambia, "Baba Halima, hebu nusa hicho kidole."

Nikanusa. Kilinuka kondoo. Nilikuwa nimeshinda nikikata mkia wa mafuta, na kunawa kwangu kulikuwa kule kwa wachinjaji, maji kidogo na kitambaa. Kidole chenye mafuta ya mkia hakishiki uzi. Unadhani umebana, kumbe kinateleza tu. Mama yako alichota majivu mekoni, akakisugua kile kidole mpaka kikawa cheupe, akasema, "Tupa sasa." Nikatupa, kifundo kikaingia kwenye sufuria kikalia ngwa. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kushika rili bila majivu. Ni mchinjaji tu anayeweza kufanya kosa hilo, na ni mke wa mchinjaji tu angeliona.

Sasa Mbaabu. Wewe umemjua akiwa hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, na koti na filimbi na homgadi wawili, wale walinzi wenye bunduki, nyuma yake. Kabla ya Hali ya Hatari alikuwa mtu wa kuja buchani asubuhi kula maini ya kukaanga kwenye kona, ananitania, ananiita mtani. Akimaliza kula alikuwa anauchukua ule ufito wangu ukutani, anaupima mkononi, anaurudisha. Nilikuwa nafurahi akiupenda. Mtu anayependa kitu chako unamwona rafiki.

Serikali ilipotafuta watu wa kuwashika wenzao, Mbaabu hakutafutwa, alijipeleka. Akapewa uhedimani. Naye akaenda akasema kwamba miguu ya mbuzi inayokosekana kwangu inapanda msituni kwa watu wa msitu. Kama ilipanda au haikupanda, hilo sikulisema kambini walipokuwa wakinipiga, na sitaliandika hapa. Walikuja asubuhi nikiwa napasua mbuzi. Mimi wakanipakia kwenye lori, na nilipoangalia nyuma nilimwona Mbaabu akitoka ndani mwangu na ufito wangu, ameshausimamisha, anaujaribu hewani. Hakuniangalia hata mara moja.

Ya mama yako unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwepo. Mimba ilipoharibika na damu ikakataa kusimama, ulikwenda kwa Mbaabu kuomba kibali cha kumfikisha hospitali ya Meru. Alikuambia mke wa mtu wa kizuizini hana haraka. Ulipokwenda tena akakuambia aje mwenyewe aombe. Mama yako, asiyeweza kukaa kitako. Uliniambia haya niliporudi, ukiwa umesimama mlangoni, hata hukulia, na mimi ndiye niliyelia.

Lakini kifo chenyewe nilikuwa nimeshakisikia. Kambini aliletwa mtu kutoka kwetu, akaninong'oneza tukiwa tunabeba mawe. Nilibeba jiwe langu nikalifikisha. Tangu saa hiyo sikuomba tena kufunguliwa ili nirudi nyumbani. Niliomba kufunguliwa ili nimkute Mbaabu hai. Nilikuwa namwombea afya, Halima. Kila baada ya sala nilikuwa nasema, Mola, mlinde Mbaabu, asiugue, asianguke, asife mpaka nifike.

Nilifika, na alikuwa mzima, amenenepa. Nina visu vya kila namna pale buchani, vya kuchunia, vya kupasulia, vya mifupa, na kila kimoja nimekishika nikamfikiria yeye. Usidhani nilizuiwa na woga, wala usidhani ni dini. Nilikuwa nakuangalia wewe ukifua, ukipika, ukisoma kile kitabu chako cha uuguzi chenye jalada lililong'oka, najiuliza wakinifunga kwa kuua utabaki na nani. Basi nikawa namuuzia nyama. Nikawa nasema, "Karibu, Mzee." Mzee!

Kisha ukaja ule ujumbe kwamba umekubaliwa kwenda kujifunza uuguzi Embu. Ulifurahi ukaruka, halafu ukaketi, kwa sababu sote wawili tulikumbuka kwa wakati mmoja kibali kinatoka mkononi mwa nani. Ulisema utakwenda kumwomba mwenyewe. Nilikukataza. Nikakuambia nitakwenda mimi, na usiniulize nimeongea naye nini.

Nilimkuta uani kwake, chini amejaza uzi. Alikuwa na ufito wangu, rili yangu, na kitata kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona. Alikuwa amejaribu kukata kwa kisu.

"Musa, kuja," akasema. "Hii mashine yako iko na shetani. Natupa mbele, yeye inarudi kunifunga mkono." Hata hakuona haya kuiita yangu.

Nikamwambia habari zako, za Embu, za kibali. Alisikiliza huku akivuta uzi kwa meno.

"Kijana yako ya msichana iko na akili," akasema. "Sasa sikia. Bwana Shauri ya wilaya anakuja hapa kutembea, na hiyo mzungu hapendi kitu ingine, ni samaki tu. Mimi nimemwambia niko na mashine ya kizungu na ninajua kutupa. Nimemwambia, umeelewa? Sasa wewe nifundishe. Nikitupa vizuri mbele ya yeye, ata uchifu nitapata. Na kibali ya msichana utapata hapo hapo."

"Nipe kibali kwanza, Mzee, nikufundishe vizuri."

Akacheka. "Unaona mimi ni mtoto? Nikitupa, unapata. Nikianguka, ata yeye abaki hapa auze matumbo na wewe."

Hiyo ndiyo bei niliyolipa. Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungekichana kibali mbele yake, ungemrushia usoni, ungerudi nyumbani kichwa juu, na ungezeekea Mitunguu ukiwa na haki.

Nilimfundisha kweli. Nilidhani nitamfundisha vibaya, nimwambie abane pale pa kulegeza, lakini nilipofika mtoni nikamwona anatupa na kuharibu, na kila alipoharibu niliona lori la Embu likiondoka bila wewe. Basi nikamwambia yote: ubavu wa kidole, paji la uso, kulegeza bila kuondoa, kubana kabla ya maji. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo ndilo linalonichoma. Ningependa awe mjinga, mwenye mkono mzito, lakini alikuwa anasikia mara moja. Pale palipomshinda, mahali pa kuongeza uzito uzi unapoinuka, ilibidi nisimame nyuma yake niweke kidole changu juu ya kidole chake, tuhisi pamoja.

Ndipo ulipotokea na mtungi. Nakumbuka ulivyosimama. Ulisema, "Mimi nilimwomba huyu mtu kibali cha mama. Wewe unamwomba nini, baba?"

Nami nikakujibu, "Nenda nyumbani, Halima."

Mbaabu alicheka. Akasema, "Hii msichana iko na mdomo," na kidole chake kilikuwa chini ya changu, chenye joto, kinatii. Nilikibana mpaka uzi ukamkata. Akapiga kelele, nikamwambia samahani, Mzee, ndivyo inavyofundishwa. Hiyo ilikuwa furaha yangu ya wiki nzima, ndogo hivyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako ukifunga sanduku, na najua habari umezisikia nusu nusu, watu wanacheka, wakikuona wewe wananyamaza. Nakuandikia zote.

Bwana Shauri alikuja na gari lake, na askari, na kiti cha kukunja. Mimi niliitwa kwa kazi yangu: kuchinja na kuchoma. Mbaabu alikuwa amevaa koti, na kofia ameipiga mswaki. Akaona asubiri nini, akasimama ukingoni hata kabla mzungu hajakaa, akarudisha ufito nyuma, akasukuma.

Sijui nikuelezeje. Chubwi ilikwenda. Ilipanda juu ya bwawa lote, uzi ukiifuata bila kishindo, ikashuka ng'ambo chini ya ule mwamba mweusi wanapolala kambare wakubwa, na aliibana kabla ya maji, Halima, kabla, ikazama polepole bila kurusha tone. Ulikuwa mtupo wangu. Kila mtu anatupa kwa namna yake, na ule haukuwa wa mtu mwingine, hata kile kijibega ninachokishusha mwishoni alikishusha. Nikajivuna. Kifua kilinijaa kabla sijakizuia. Kisha nikakumbuka mkono ni wa nani, na nikamchukia upya, kuliko nilivyomchukia kambini. Alimchukua mke wangu, akachukua ufito wangu, sasa amechukua na mtupo wangu, na mimi ndiye niliyemkabidhi.

"Mzuri sana, Mbaabu!" Bwana Shauri akapiga kelele. "Wewe najua kazi ya samaki kabisa!"

Mbaabu alitoa kibali chako mfukoni, akakiweka juu ya boneti ya gari, akaweka sahihi kwa madaha, na mzungu akagonga muhuri bila hata kusoma. Nikapewa. Nikakitia ndani ya shati, kwenye ngozi. Shauri letu lilikuwa limekwisha hapo, na mtu mwenye busara angerudi nyumbani akakupa.

Mimi nilirudi motoni kugeuza nyama.

Kondoo alikuwa wa Kibirichia, wa mkia mnene, nilimchagua mwenyewe. Nilimkatia Mbaabu mkia wote. "Kula, Mzee," nikamwambia, "leo ni siku yako." Akala kwa mikono miwili, mafuta yakamshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Unajua desturi yangu. Hakuna mtu aliyewahi kula mkia mbele yangu nisimletee birika na majivu ya kunawia, Mitunguu nzima inajua hivyo, na wengine hunicheka. Leo birika nilimpelekea mgeni kwanza, kama inavyopasa. Nikammwagia Bwana Shauri maji mpaka yakaisha. Majivu yalikuwa kando ya mguu wangu, mengi, bado ya moto. Mbaabu alipotazama birika tupu alijipangusa kwenye nyasi, kisha kwenye suruali.

Bwana Shauri naye alikuwa ameshiba na amefurahi. Akafungua kisanduku chake, akatoa kisamaki cha chuma kinachong'aa, chenye ndoana. Akasema ni cha baba yake, alikuja nacho kutoka kwao, hakijawahi kurudi bure. Akakifunga kwenye uzi wa Mbaabu kwa mkono wake. "Sasa tupa hii," akasema, "kule kule kwa jiwe."

Mbaabu akanigeukia. "Musa, hii ni nyepesi kidogo. Natupa namna gani?"

"Vilevile, Mzee. Ila tia nguvu."

Akatia nguvu. Nilikiona kidole kikikaa mahali pake, ubavuni kabisa, sawasawa kama nilivyokifundisha, na nikakiona kinateleza. Kigurudumu kililia. Uzi uliinuka wote kwa pamoja ukajaa mkononi mwake, ukakwama, na kile kisamaki kilipokuwa katikati ya anga kikavutwa ghafla. Uzi ukakatika. Kikaenda peke yake, kinametameta, kikatumbukia kwenye maji marefu ambayo hakuna mtu wa Mitunguu aliyewahi kuona chini yake.

Nilifurahi. Naandika tena usije ukadhani nimekosea: nilifurahi. Bwana Shauri alisimama akawa mwekundu, akamwita Mbaabu mpumbavu mbele ya homgadi wake, mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji, mbele yangu. Akasema mtu asiyejua kushika uzi hajui kushika watu. Akaingia kwenye gari akaondoka bila kuaga, na huo uchifu ukaondoka naye. Wanawake walificha nyuso kwenye leso. Mabega yalikuwa yakiwatingishika. Nilimfikiria mama yako juu ya lile jiwe, na kicheko chake.

Kisha Mbaabu akafanya jambo moja. Alikiangalia kidole chake. Akakisugua kwa kidole cha shahada. Akakipeleka puani, akanusa. Halafu akainua macho akatazama majivu miguuni pangu, akanitazama mimi.

Hakupiga kelele. Alinitupia ufito na rili na ule uzi wote. Akasema, "Hii utatoa mafundo yote, wewe na mikono yako safi. Kesho asubuhi ulete kwangu. Alafu tuongee mimi na wewe. Na ile kibali, tutaiangalia tena."

Hapo ndipo furaha iliponitoka. Nilikuwa nimekwishapata nilichokilipia, kiko ndani ya shati, na nikakirudisha mezani kucheza nacho kwa ajili ya kicheko. Mbaabu ana homgadi kwenye kizuizi cha daraja. Neno lake moja asubuhi lingekuteremsha kwenye lori. Kama lingekuteremsha, asingekuwa yeye wa kulaumiwa, ningekuwa mimi, na sina uhakika kama ungewahi kunisamehe. Mimi nisingejisamehe. Lakini nikiulizwa kama ningemletea yale majivu, jibu bado ni hapana. Ndivyo nilivyo, na ni heri ulijue ukiwa mbali.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kafyu ikiisha tu, kabla Saidi hajawasha lori, nitakuwa nimeshabisha kwa Mbaabu. Nitaketi uani kwake na kitata mapajani, nimwambie kimenishinda nyumbani, nataka anishikie ncha ya uzi ninapofungua. Atashika, kwa kuwa rili anaipenda kuliko anavyonichukia, na mtu aliyeshika ncha ya uzi haendi darajani wala hatumi mtu. Nitafungua polepole. Fundo likitaka kufunguka mapema nitalisaidia lisifunguke. Unaposoma hapa, ndiko niliko. Tuko goti kwa goti, ananukia tumbaku, naye anadhani ananichunga.

Usiku mwema hatukupeana, na kuagana hatutaagana. Nimeshaondoka kabla hujaamka. Samahani kwa hilo. Nilikuwekea maini kwenye kijaluba, kando ya kibali, uliyakuta?

Uzi ukiisha kufunguka, sijui. Huenda akanirudisha kambini. Huenda akaogopa, kwa kuwa akinishtaki itambidi aseme mbele ya wazungu kwamba aliangushwa na mafuta ya kondoo. Ukisikia wamenichukua, usirudi. Usije kuomba kibali cha kuniona. Usimwombe mtu huyo chochote tena maisha yako yote, hata maiti yangu.

Neno la mwisho. Nimeliwaza jioni yote, nimelikata na kuliandika upya. Hospitali haichagui watu. Mbaabu anazeeka, anakula mkia mno, ana watoto na wake. Siku moja wewe utakuwa umevaa nyeupe, na mlango utafunguliwa, na atakuwa yeye kwenye machela, au mtu wake, anakutazama kwa macho ya kuomba. Ningekuwa mimi, ningemwambia asubiri. Ningeketi nikanywa chai. Nimeota jambo hilo nikiwa macho, mara nyingi, na siku zote ninakunywa ile chai mpaka mwisho.

Wewe usinywe. Fanya watakavyokuwa wamekufundisha, haraka, kwa mikono iliyonawa vizuri. Damu ikimtoka, izuie. Akihitaji maji, mpe. Akishatulia, rangi imemrudia usoni, na anajua kabisa kwamba atapona, inama karibu na sikio lake, umwambie, "Mimi ni binti wa Khadija." Halafu nenda kwa mgonjwa mwingine.

Ni mimi baba yako, mchinjaji,
Musa